Walmart ilinunua nini ilipoinunua Jet?

Tarehe 8 Agosti 2016 Walmart ilitangaza kwamba inainunua Jet.com, duka la mtandaoni lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu sokoni, kwa dola bilioni 3.3: bilioni 3 taslimu, zilizobaki kwa hisa. Duka hilo lilikuwa halijawahi kupata faida. Tarehe 19 Mei 2020 Walmart hiyohiyo ikatangaza kulifunga. Siku hiyo pia ilitoa hesabu zake za robo mwaka, na humo ilieleza kwamba mauzo yake ya mtandaoni nchini Marekani yamepanda kwa asilimia 74. Habari hizo mbili haziketi pamoja vizuri. Kama ununuzi ndio ulioleta ukuaji, mbona kilichonunuliwa kinazikwa siku ileile ukuaji unaposhangiliwa? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mkubwa aliyechelewa alinunua mlango wa kuingilia mtandaoni, akishaingia hana tena haja na mlango. Naona maelezo hayo yanaruka jambo kubwa. Ukuaji ule ulikuwa kwa sehemu kubwa ukuaji wa chakula na mahitaji ya nyumbani, na huo ulitoka kwenye maduka ya kawaida ambayo Walmart ilikuwa nayo kwa miongo kadhaa, baada ya kuyageuza kuwa maghala yenye milango ya wateja. Jet ilileta vitu vingine.

Haki ya Jet itolewe kwanza, maana haikuwa kampuni ya ovyo. Mwanzilishi wake, Marc Lore, aliwahi kuiuzia Amazon kampuni yake ya awali, Quidsi, iliyojulikana kwa kuuza nepi, kwa takriban dola milioni 545. Alipoizindua Jet sokoni mwaka 2015 alikuja na hesabu moja ya werevu. Anayetuma bidhaa mtandaoni hutumia fedha nyingi kwenye boksi, kwenye kufungasha na kwenye usafiri. Bidhaa ya pili ikiingia boksi lilelile kutoka ghala lilelile, gharama yake ya usafiri ni ndogo mno. Kwa hiyo Jet iliacha bei ishuke mbele ya macho ya mteja kadiri anavyoongeza kwenye kikapu bidhaa zinazotoka mahali pamoja. Ukikubali kutorudisha bidhaa, bei inashuka tena; ukilipa kwa kadi ya benki isiyo ya mkopo, inashuka tena kidogo. Yaani mteja alionyeshwa gharama halisi za muuzaji, kisha akapewa sehemu ya kile anachosaidia kuokoa. Ni mfumo mzuri kwa sabuni, nepi, betri na chakula cha mbwa, vitu vinavyokaa ghalani hata miezi mitatu bila kulalamika. Nyanya haina subira hiyo.

Hapo ndipo biashara ya chakula inapoachana na nyingine zote. Supamaketi ya Marekani kwa kawaida hubakiwa na faida ya senti moja hadi tatu katika kila dola ya mauzo, na hata hizo inazipata kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hufanywa bure na mnunuzi. Yeye ndiye anayesukuma toroli, anayetafuta rafu, anayebonyeza parachichi, anayesimama foleni na kubeba mzigo hadi nyumbani. Akiagiza akiwa sebuleni, kazi hiyo yote inahamia kwa muuzaji na inahitaji kulipiwa mshahara. Zaidi ya hayo kuna joto la namna tatu ndani ya oda moja: mkate usiohitaji ubaridi, maziwa yanayouhitaji, na aiskrimu inayotaka kugandishwa. Kuna pia muda, kwa kuwa boksi la vitabu unaweza kuliacha kibarazani, lakini kuku mbichi inabidi mtu awepo ampokee. Webvan, kampuni ya California ya kuuza chakula mtandaoni, iliyajua hayo yote na ikaamua kuyatatua kwa mitambo. Ilijenga maghala makubwa mapya, ikasaini mkataba wa dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel, ikaahidi kufika ndani ya dirisha la nusu saa, na mwaka 2000 ikamnunua mshindani wake HomeGrocer. Julai 2001 ikafilisika. Maghala yalikuwa mapya, magari yalikuwa mapya, na wateja walikuwa wachache mno kuyajaza, wametawanyika mbalimbali. Kumnunua mshindani hakukupunguza umbali kati ya nyumba moja na nyingine hata kwa mita moja.

Walmart ilianza na umbali. Ina maduka zaidi ya 4,600 nchini Marekani, na takriban asilimia 90 ya Wamarekani wanaishi ndani ya kilomita 16 kutoka duka lake mojawapo. Zaidi ya nusu ya mauzo yake nchini humo ni chakula na mahitaji ya jikoni, kwa hiyo maziwa na mboga tayari zilikuwa zinafika kila duka kwa malori yaliyojaa, mteja aagize au asiagize. Kilichobaki ni kipande cha mwisho, na hapo uamuzi mkuu ulikuwa wa kujizuia: mteja aliagiza mtandaoni kisha akafuata mzigo wake mwenyewe kwa gari. Safari ya mwisho, iliyo ghali kuliko zote, ilibaki mikononi mwa mteja, na yeye akaiona kama huduma kwa sababu hakushuka garini wala hakulipia huduma hiyo mradi oda imefika kiwango cha chini. Anayezidharau hatua za namna hii hajakaa na hesabu za rejareja.

Ndani ya duka kazi inakwenda hivi. Mfanyakazi ana kifaa cha mkononi na toroli refu lenye kreti za plastiki, kila moja ya oda tofauti. Kifaa hakimpangii oda baada ya oda, kinampangia njia. Kinampeleka kwenye rafu ya mchele mara moja, achukue pakiti za wateja kadhaa kwa mpigo, askani kila moja, aambiwe iingie kreti ipi. Vya kugandishwa huchukuliwa kwa mzunguko wake na kupelekwa moja kwa moja kwenye jokofu la nyuma. Tatizo linakuja kwenye mboga na matunda, kwa kuwa hapo mteja anamwachia mtu asiyemjua kazi ya macho na vidole: ndizi za kijani kidogo au zilizoiva, parachichi la leo au la kesho kutwa. Walmart ililazimika kuwafundisha watu hao kuchagua, kwani oda moja yenye matunda yaliyopondeka hupoteza mteja wa mwaka mzima. Rafu ikiwa tupu, kifaa kinapendekeza mbadala, na mteja ana haki ya kuukataa. Akikaribia, simu yake inalijulisha duka. Anaegesha kwenye nafasi yenye namba, na mtu anatoka na kreti kupakia kwenye buti. Hakuna chochote katika mlolongo huo kilichotoka Jet.

Tazama sasa ramani ilivyotanuka. Kufikia Januari 2019 huduma hiyo ya kuchukulia mzigo ilikuwa kwenye maduka zaidi ya 2,100. Mwaka mmoja baadaye yalikuwa karibu 3,200, na zaidi ya 1,600 kati ya hayo yalikuwa pia yanapeleka mahitaji hadi mlangoni. Kupeleka mlangoni kulifuata kwa urahisi kwa sababu mzigo ulikuwa tayari umeshafungwa dukani. Kilichoongezeka ni dereva, na tangu 2018 Walmart ilikuwa na mfumo wake wa madereva wa kujitegemea, Spark. Wapo watakaosema kwamba korona ndiyo iliyofanya kazi. Ni kweli kwamba iliwasukuma watu wote mtandaoni kwa mkupuo, lakini iliwasukuma kwa kila muuzaji. Aliyeweza kuwahudumia ni yule ambaye Machi 2020 ilimkuta na kreti, majokofu na watu waliokwisha kufundishwa. Jet nayo ilikuwapo Machi hiyo, na huduma yake ya chakula jijini New York ilikuwa imeshafungwa mwaka uliotangulia.

Pingamizi lenye uzito zaidi linamhusu Lore mwenyewe. Walmart haikununua duka tu; ilimnunua yeye, ikampa biashara yote ya mtandaoni ya Marekani. Januari 2017 aliufuta mpango wa kulipia usafirishaji kwa dola 49 kwa mwaka, akatangaza usafirishaji wa bure wa siku mbili kwa oda ya dola 35. Hilo lilibadilisha mwendo wa kampuni. Nakubali, na naongeza jambo ambalo wanaoisifu Jet husahau. Oktoba 2015 uongozi wa Walmart uliwaambia wawekezaji kwamba faida itapungua kwa sababu ya kupandisha mishahara na kuwekeza mtandaoni, na hisa zikaanguka kwa takriban asilimia 10 kwa siku moja. Wanahisa walizoea kampuni inayookota senti. Hawakuwa tayari kuiona ikimwaga mabilioni. Kununua Jet, na jina kubwa la mwanzilishi wake, kulifanya hasara ya mtandaoni ionekane kama mkakati. Huo ni uvumilivu, na uvumilivu una bei yake. Lakini ukishasema hivyo umekubali kwamba dola bilioni 3.3 zililipia kiongozi na muda, na kwamba mahali pa kuutumia muda huo palikuwa dukani. Manunuzi mengine ya kipindi hicho yanaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Bonobos, wauzaji wa nguo za kiume, ilinunuliwa kwa dola milioni 310 mwaka 2017 na kuuzwa kwa milioni 75 mwaka 2023. ModCloth, wauzaji wa nguo za kike, iliyonunuliwa mwaka huohuo, iliuzwa kabla ya miaka mitatu kwisha. Hazikuhusiana na maduka yale.

Pingamizi la pili linatoka kwa wahandisi: kumtuma mtu azunguke dukani akiokota bidhaa moja moja, akipishana na wateja kwenye njia nyembamba, ni upotevu, na roboti ghalani hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Ocado, muuzaji wa chakula mtandaoni wa Uingereza, imejengwa juu ya hoja hiyo, na Kroger, supamaketi kubwa ya Marekani, iliiamini mwaka 2018 ikaanza kujenga maghala ya roboti nayo. Novemba 2025 Kroger ilitangaza kufunga matatu kati ya hayo na kuandika hasara ya takriban dola bilioni 2.6. Roboti hazikuwa mbovu. Zinahitaji oda nyingi sana kila siku, kutoka nyumba zilizokaribiana, ndipo gharama ya ghala irudi, na Marekani ya vitongoji vilivyotawanyika haina nyumba za namna hiyo kila mahali. Hata hivyo wahandisi hawakukosea kabisa. Kuokota kwa mkono kuna kikomo, na Walmart inakijua: mwaka 2022 iliinunua Alert Innovation, kampuni iliyotengeneza mitambo midogo ya kuokotea bidhaa inayoweza kuwekwa nyuma ya duka. Huo ni ununuzi wa chombo cha kuongeza nguvu mahali penye nguvu tayari, na ulizua kelele chache mno ukilinganisha na ule wa Jet.

Faida nayo ilichelewa, na haikuja kwa njia iliyotarajiwa. Ni Mei 2025 tu Walmart ilipotangaza kwamba biashara yake ya mtandaoni imepata faida kwa robo mwaka. Sababu zake kuu zilikuwa matangazo yanayouzwa kwa wenye bidhaa, ada za uanachama, na safari za kupeleka mizigo zilizojaa zaidi. Nyanya yenyewe bado haijilipii safari vizuri. Inamleta mteja kila wiki, na ule ujio wa kila wiki ndio unaouzwa.

Amazon ilifika hapohapo kutoka upande mwingine. Ilianza kupeleka chakula mwaka 2007 jijini Seattle, tena kwa msaada wa watu waliotoka Webvan, na baada ya miaka kumi ya kujaribu ikanunua supamaketi za Whole Foods, zenye maduka takriban 460, kwa dola bilioni 13.7. Mfalme wa mtandao alilipa mara nne ya bei ya Jet ili apate majengo yenye majokofu karibu na watu. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wameliona jambo hili kwa sura nyingine: Walmart ilichukua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini mwaka 2011, na pamoja nayo maduka ya Game yaliyokuwa Mlimani City na kwingineko, lakini duka moja moja katika jiji la mamilioni haliwi mtandao wa kusambazia mahitaji, na mwaka 2022 Massmart ilijiondoa Afrika Mashariki.

Ununuzi ninaoutilia mashaka makubwa zaidi ni wa aina nyingine, pale muuzaji mkubwa anapomnunua mpelekaji anayewahudumia pia washindani wake. Target, mshindani wa Walmart nchini Marekani, ilipoinunua kampuni ya kupeleka mizigo Shipt kwa dola milioni 550 mwishoni mwa 2017, Shipt iliendelea kuchukua mizigo kwenye maduka ya wengine. Walmart ilitaka jambo kama hilo Mexico na Chile: Septemba 2018 ilikubali kuinunua Cornershop, jukwaa la kupeleka mahitaji ya supamaketi, kwa dola milioni 225. Mamlaka ya ushindani ya Mexico ikakataa Juni 2019. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu, nayo naiona ina mashiko. Jukwaa linalobeba oda za supamaketi kadhaa linajua kila moja inauza nini, kwa nani, kwa bei gani, na mmiliki wake anaweza kuwafungia wengine mlango au kuwasukuma mwisho wa orodha. Uber ikaichukua Cornershop baadaye. Walmart de México iliendelea kuwapelekea wateja mahitaji yao kutoka kwenye maduka yake yenyewe.