Nani Ameshika Ukurasa?

Katika hadithi moja ya Ursula Nafula, mwandishi Mkenya, nyanya huvundika ndizi zake mahali pa siri na mjukuu anatamani sana kupajua. Siku anapotumwa chumbani kuleta mkongojo, anafungua mlango na siri inamfikia kupitia pua. Baadaye, ameshika ndizi nne za wizi, anamsikia nyanya akikohoa nje. Harufu na kikohozi ndivyo vinavyoisukuma hadithi hii, na vyote viwili havichoreki. Mchoraji, Catherine Groenewald, anaweza kutupa msichana, nyanya na kikapu. Harufu lazima iletwe na sauti ya mtu anayesoma.

Hapo ndipo umbo la hadithi linapotuonyesha imetungiwa nani. Imetoka katika African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliofungua tovuti yake mwaka 2014, ambapo kila mtu ameruhusiwa kusoma, kutafsiri na kuchapisha bila malipo. Kikamba ni miongoni mwa lugha zake. Mwalimu wa Tawa, huko Mbooni katika Kaunti ya Makueni, anaweza kusimama mbele ya Gredi ya Pili na kitabu cha aina hii kifuani, picha zikiwatazama watoto. Yeye ndiye mwenye maneno, wao ndio wenye macho, na kugeuza ukurasa ni uamuzi wake. Akichelewa kidogo kabla ya kuufungua ule mlango wa chumbani, darasa zima litanyamaza. Sentensi nazo zimekatwa fupi, kila moja ikitosha pumzi moja. Kumkabidhi mtoto kitabu hiki akisome peke yake kimya kimya ni kukipunguzia nusu ya nguvu zake.

Jambo ninalolipenda zaidi liko karibu na mwisho. Jioni msichana anaitwa na mama, baba na nyanya, na anajua anaitiwa nini. Kinachofuata ni usiku, naye amelala akiapa moyoni kwamba hataiba tena. Karipio lenyewe halimo. Nafula angeweza kulijaza ukurasa mzima, lakini ameruka, kwa sababu kila mtoto anayesikiliza anayajua kwa moyo maneno ya wazazi wake na atayatia mwenyewe, kwa sauti ya mama yake. Ni pengo lilelile linalokaa kati ya fremu mbili za katuni. Kwa hiyo mtu akisema vitabu vya watoto wadogo ni sahili na katuni ndizo zenye ufundi, asome tena kurasa hizo mbili. Kiapo cha mwisho, kwa maoni yangu, kingeweza kuachwa pia. Pengo lilikuwa limekwisha kufanya kazi hiyo.

Ruhusa ya kutafsiri nayo huacha alama kwenye picha. Maneno yanabadilika kutoka lugha hadi lugha, mchoro unabaki uleule, basi lazima nyanya huyo akubalike Busia, Kampala na Tawa. Faida yake ni kwamba kitabu kinasafiri. Hasara ni kwamba mtoto wa Tawa haoni vilima vya Mbooni nyuma ya kichwa cha nyanya.

Shujaaz ni umbo la namna nyingine kabisa. Jarida hili la katuni lilianza mwaka 2010 chini ya Well Told Story, likitolewa bure ndani ya gazeti la Jumamosi la Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa, kwa rangi tele na kwa Sheng. Shujaa wake ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, anayerusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani kwake. Tazama jinsi siri hiyo inavyomweka msomaji. Wasikilizaji walio ndani ya hadithi wanapata sauti tu na hawamjui mwenyewe. Sisi tulioshika ukurasa tunamwona uso, kitanda na waya. Anayesoma anageuzwa mshirika wa siri, na kijana wa miaka 17 hupenda kuaminiwa hivyo kuliko kufundishwa. Mafunzo yapo, tena mengi, ila hupitishwa kama habari inayonong'onezwa kati ya marafiki.

Miongoni mwa mbinu ambazo jarida lilizisambaza ni ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kama mawindo. Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji Ukambani, ambaye anaweza kupoteza kifaranga mchana kweupe, hiyo ni habari ya pesa. Pia ni habari inayofaa katuni ya rangi kuliko umbo lolote jingine. Redio ingehitaji maelezo, na gazeti la rangi nyeusi na nyeupe lingeshindwa. Hapa fremu moja inatosha, jicho limekwisha kuelewa. Lakini katika nyumba nyingi kuku ni wa mama, na Sheng ni ya mwanawe. Jarida linamtegemea kijana alibebe somo hadi jikoni na kulisema upya kwa Kikamba. Mama ananufaika bila kuwa msomaji.

Watu wazima walipewa Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau iliyodumu miongo mingi katika gazeti la Kiswahili la Taifa Leo. Ilikuwa safu nyembamba ya fremu chache ambayo msomaji aliimaliza akiwa amesimama, akisubiri gari au zamu ya kunyolewa. Ufupi huo ulimdhania mtu anayemjua Kalulu tangu zamani, asiyehitaji kutambulishwa tena kila siku.

Sasa tazama lugha za maumbo haya matatu. Sera ya elimu ya Kenya huipa lugha ya eneo nafasi ya kufundishia hadi Gredi ya Tatu, na kitabu cha picha cha Kikamba kinaelekea kusimama hapohapo. Kijana hupewa katuni kwa Sheng, mzee kwa Kiswahili. Mpangilio huu unaonyesha Kikamba kama lugha ya wasiojua kusoma bado, na mimi naupinga. Hadithi za Wakamba hazikuwa za watoto pekee. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi hizo mwaka 1966, na humo yumo Eimu, zimwi linaloweza kubadilisha sura na kumeza watu na mifugo. Katika masimulizi ya Ukambani, Eimu akikatwa kidole kidogo, waliomezwa hutoka wote wakiwa hai. Tukio kama hilo linadai fremu kubwa ya kurasa mbili, wino mzito, na msomaji aliyekomaa kiasi cha kustahimili kitisho.

Njia imekwisha kupasuliwa. Katika miaka ya 1980 mchoraji Terry Hirst alitoa mfululizo wa Pichadithi uliozitia ngano za Kenya katika katuni, ile ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo, ikiwa mojawapo. Wachoraji wa Makueni na Kitui, mchoreni Eimu, kwa Kikamba, kwa ajili ya watu wazima. Nanyi wachapishaji mlioko Nairobi, wapeni kurasa na mlipie wino.