Kitabu cha safari kinachopanda pikipiki

Niania ni njia panda katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Barabara ya Taifa nambari 4 inapita hapo ikitoka Kisangani kwenda Mambasa na Komanda, penye njia ya Bunia, na hapo hapo inachepuka njia ya kaskazini ya kuelekea Wamba na Isiro. Kisangani iko zaidi ya kilomita 300 magharibi, na Bunia zaidi ya kilomita 300 mashariki. Mkazi mwenye daftari na masikio anaweza kupata kitabu cha safari bila kuondoka kijiweni, maana safari za watu zinalala kwake: madereva waliokwama kwenye tope, wachimba dhahabu, wachuuzi wa samaki na nguo. Je, akisha kuandika afanyeje? Tuchukulie hana mchapishaji, ana akiba kidogo, na anataka kitabu cha jalada laini, cha Kiswahili, kisomwe na watu wa njia hiyo hiyo aliyoiandika.

Waandishi wengi wanaojigharamia huanza kwa kuuliza bei kwa mpiga chapa, na suala la usafirishaji hulikumbuka maboksi yakishafungwa. Mimi naona hesabu ianzie upande wa pili. Kwa kitabu cha Ituri, barabara ndiyo inayoamua ukubwa wa ukurasa, uzito wa karatasi, namna ya kufunga mgongo na idadi ya nakala.

Msitu huu umeandikwa sana, na vitabu vyenyewe vinaonyesha jinsi mahali pa kuchapia palivyoamua nani asome. Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya tarehe 28 Juni 1887 na watu 389, akaufuata mto Aruwimi, ambao huku juu ndio Ituri. Septemba alikuwa kwa mfanyabiashara Ugarrowwa, Oktoba akafika Ipoto kwa watu wa mwenzake Kilonga-Longa, na Desemba akatoka msituni akaliona Ziwa Albert. Alipofika Cairo Januari 1890 alijifungia kuandika, akamaliza kwa siku 50 hivi, na mchapishaji wake, Edward Marston wa Sampson Low, alisafiri kumfuata huko huko. Juni mwaka huo juzuu mbili za In Darkest Africa zilikuwa madukani London, zikiwa na michoro na ramani za kukunja. Sehemu ya kasi hiyo inaelezwa na mkataba: maofisa wake walikuwa wametia saini kwamba hawatachapisha lolote kabla ya miezi sita kupita tangu kitabu rasmi kitoke. Wapagazi wa Zanzibar waliobeba mizigo msituni hawakuhitaji kutia saini ya namna hiyo. Nani angewachapia?

Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye watu wake walikuwa wameenea humo msituni, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kilatini, akayatafsiri kwa Kijerumani, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki. Tippu Tip mwenyewe alifariki Zanzibar mwaka 1905. Toleo la W. H. Whiteley, lenye Kiswahili na Kiingereza, lilitolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Zaidi ya nusu karne, basi, simulizi kubwa kabisa la safari za Kongo kwa Kiswahili lilikuwa mali ya maktaba za mbali.

Mfano wa mtu kujichapia hapa Kongo uko Katanga. Mwaka 1965 André Yav, akishirikiana na chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alitoa kijitabu cha historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mjini humo, kikapigwa taipureta na kurudufiwa. Si kitabu cha safari, lakini kwa ufundi ndicho kilicho karibu zaidi na hali ya Niania: wasomaji wako palipo mashine, nakala ni chache, hakuna boksi linalovuka mpaka. Wanazuoni walikuja baadaye; Johannes Fabian alikitoa upya, pamoja na tafsiri na uchambuzi, mwaka 1990. Kingesubiri mchapishaji kisingekuwapo.

Njia ya leo ni ya kuchapa nakala moja moja kwa kadiri inavyoagizwa. Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! mwaka 2010 kupitia tovuti ya Lulu, na nakala ya kielektroniki ikasambaa yenyewe. Chaguo hilo lilikifaa kitabu chake, kwa sababu wasomaji wengi wa historia ya Zanzibar wako Muscat, Dubai, London na Marekani, penye kadi za benki na posta inayobisha hodi. Mwandishi wa Niania anaweza kuitumia njia hiyo kwa jamaa walioko Ulaya na Kanada. Asiitegemee kwa msomaji wa Bafwasende, njiani kwenda Kisangani.

Tena achunge jambo dogo linalowaponza wengi. Jalada lililotengenezwa kwa mashine za Amazon, ambao nao huchapa kwa agizo, haliingii kwenye kitabu kilichochapwa kwetu. Amazon hukadiria mgongo kwa milimita 0.0635 kwa kila ukurasa wa karatasi ya rangi ya maziwa, kwa hiyo kurasa 160 zinatoa mgongo wa milimita 10 na kidogo. Karatasi ya kawaida ya gramu 70 ina unene wa milimita 0.09 hivi kwa jani, na kurasa 160 ni majani 80, yaani mgongo wa milimita 7. Ukilipeleka jalada lile lile kote kuwili, jina la kitabu litateleza kutoka mgongoni likaangukia upande wa mbele. Ni majalada mawili, mafaili mawili. ISBN ya bure unayopewa na Amazon nayo hutumika kwao tu.

Sasa uzito, ambao ndio moyo wa shauri lote. Chukua ukubwa wa A5, kurasa 160, karatasi ya gramu 80, jalada la gramu 250. Jani moja la A5 la karatasi hiyo lina gramu 2.5, majani 80 ni gramu 200, na jalada linaongeza kama 16. Nakala moja, gramu 216; nakala mia, kilo 21 na nusu hivi; nakala 300, kilo 64 na ushee. Shuka hadi karatasi ya gramu 70 na nakala mia zinakuwa kilo 19. Shuka hadi gramu 60, kilo 16 na nusu, lakini hapo maandishi ya nyuma yanaanza kuchungulia mbele, na picha ndiyo inaharibika kabisa. Mimi ningesimama kwenye 70. Nakala mia za namna hiyo ni mzigo ambao pikipiki inaubeba pamoja na abiria mmoja, lori linapokuwa limelala matopeni, na ndiyo maana naziona nakala mia kuwa kipimo sahihi cha boksi moja.

A5 yenyewe siichagui kwa uzuri. Ukubwa wa milimita 127 kwa 203 wanaoupenda Wamarekani unapendeza zaidi mkononi, ila karatasi zinazouzwa kwa wapiga chapa wa kwetu hukatwa kwa vipimo vya A, na A5 ni A4 iliyogawanywa katikati. Ukichagua kipimo cha Kimarekani unanunua vipande vitakavyotupwa. Tena karatasi moja ya A2 ikichapwa pande zote mbili inatoa kurasa 16 za A5. Kwa hiyo 160 ni mikunjo kumi kamili, hakuna ukurasa mtupu wa kuulipia. Mswada ukitoka kurasa 163, punguza. Ukitoka 155, weka ramani na orodha ya vituo vya njia.

Wapi pa kuchapia? Kwa nakala chini ya mia, mashine za kidijitali zinatosha, kwa sababu hazina gharama ya mabamba. Kuanzia mia tatu hivi kwenda juu, ofseti inaanza kulipa, kwani gharama ya mabamba inagawanyika. Wafanyabiashara wa Bunia wana mazoea na Kampala, na huko mtaa wa Nasser Road umejaa wapiga chapa, kila duka na kazi yake: huyu anatengeneza mabamba, yule anachapa, wa tatu anakata na kufunga. Unafuu wa bei uko hapo, na hatari pia iko hapo, maana hakuna mmoja anayebeba lawama ya kitabu kizima. Dai kitabu kimoja kilichokamilika, kilichokatwa na kufungwa, kabla ya kuruhusu vingine. Picha ya kioo cha simu haitoshi kuwa prufu.

Kwenye kufunga mgongo ndipo wengi hupoteza fedha. Gundi ya moto inayotumika sana hulainika ikipata joto, na hakuna joto kama la boksi lililofungwa chini ya turubai ya lori mchana kutwa. Kisha msitu unaleta unyevu. Epulu, jirani ya mashariki, hupata kama milimita 1,700 za mvua kwa mwaka. Karatasi hunywa unyevu huo na kuvimba, na ikivimba dhidi ya mgongo uliobanwa na gundi, majani yanapinda kama mawimbi, kisha yanachomoka. Dawa ni mbili. Mikunjo ishonwe kwa uzi kabla ya gundi, kazi ya mkono ambayo inaongeza bei lakini inakipa kitabu miaka. Pili, nyuzi za karatasi zielekee sawa na mgongo. Kipimo ni rahisi: lowesha kipande upande mmoja, kitajikunja kuwa bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Mpiga chapa atakasirika ukifanya hivyo mezani kwake. Mwache akasirike.

Kupanga kurasa za Kiswahili kuna taabu yake. Maneno yetu ni marefu, vitenzi vinabeba sentensi nzima, na ukinyoosha pambizo zote mbili bila kukata maneno, mistari inajaa mianya. Programu nyingi zikiachwa na kanuni za Kiingereza au Kifaransa hukata vibaya. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu, usitenganishe ny, sh, ch, mb wala nd, na ng’ isiguswe kabisa. Kama hakuna wa kuisimamia kazi hiyo, acha upande wa kulia bila kunyooshwa. Ukurasa wa A5 kwa herufi za pointi 11 utachukua maneno 280 hadi 300, kwa hiyo kurasa 160 ni kama maneno 45,000. Kwa kitabu cha njia moja, yanatosha.

Picha za msitu ni giza juu ya giza. Karatasi isiyo na mng’aro hunyonya wino na kila nukta inatanuka, hivyo kivuli kinachoonekana vizuri kwenye simu kinatoka doa jeusi. Angaza vivuli kuliko unavyoona inafaa, na omba picha za asili, si zile zilizopita WhatsApp. Nane nzuri zinatosha. Ramani inaweza kuchorwa kutoka OpenStreetMap, mradi uitaje.

Watu nao wapimwe kama karatasi. Epulu ilishambuliwa Juni 2012, okapi 14 waliofugwa kituoni wakauawa pamoja na watu, na mashaka ya njia hii hayajaisha. Aliyekusimulia alichotozwa kwenye kizuizi anaishi bado kando ya kizuizi hicho. Badilisha jina, kazi na kijiji, si jina peke yake, na ufanye hivyo kabla mabamba hayajatengenezwa.

ISBN ya Kongo huombwa Kinshasa. Omba mapema, wakati mswada uko kwa mhariri, kwa kuwa nambari lazima iwe kwenye ukurasa wa pili na kwenye jalada kabla ya kuchapa. Na nakala za kuhifadhiwa kisheria zihesabiwe ndani ya zile ulizochapa, zisije zikakatwa kwenye faida.

Kugawa ndiko nitakakokuwa mfupi: boksi moja Bunia, moja Niania, moja Kisangani, kila moja kwa muuzaji anayelipa akishauza, na bei ipigwe chapa kwenye jalada ili isipande kila kizuizi. Faili la mwisho lenye fonti zake ndani likae kwenye simu mbili za watu wawili tofauti, kwani boksi la Niania likiisha, mwenye mashine ya Bunia anaweza kutoa nakala ishirini bila mwandishi kupanda gari.