Saa ya Kurudi Nyuma

Bonasi ya majani chai ikilipwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, foleni kwenye Sacco za Nyeri hutoka kaunta hadi nje barabarani. Mkulima wa Othaya au Tetu hana haja na toleo la hifadhidata. Anataka salio lake. Ndiyo maana fundi wa hifadhidata anayeijua kazi hahamishi Sacco kwenye mfumo mpya mwezi huo, wala Januari, wazazi wanapohangaikia karo. Husubiri usiku wa Jumamosi ya mwezi mtulivu, na maandalizi huwa yalishaanza wiki nyingi nyuma.

Ninachokisifu kwake ni shaka. Nakala ya akiba ipo, sawa, lakini haiamini mpaka aifungue kwenye seva nyingine na kuisoma. Kisha hutoa ripoti ya masalio ya wanachama kutoka mfumo wa zamani, na ile ile kutoka mfumo mpya, akazilinganisha mstari kwa mstari. Hapo mambo hufichuka. Wang'ombe amekatwa penye ritifaa akabaki Wang. Mwanachama 00427 amepoteza sifuri zake, na mkopo wake sasa hauna mwenyewe. Mkopo wa tarehe 3 Aprili umesomwa kuwa wa Machi 4, riba ikaongezeka karibu mwezi mzima. Jumla zikipishana kwa senti 40, mhasibu atasema ziachwe (wahasibu nao huchoka), ila fundi atazisaka: huenda mifumo hiyo miwili haikadirii senti kwa namna moja.

Hata ripoti zikilingana, kazi haijaisha. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamia mfumo mpya. Data zilifika salama. Mfumo wenyewe ndio ulioshindwa, wateja wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 benki hiyo ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kwa hiyo fundi wetu huujaribu mfumo kwa mzigo wa siku ya bonasi, si wa Jumanne ya kawaida.

Na katika mpango wake kuna saa moja iliyopigiwa mstari, tuseme saa nane usiku. Ripoti zisipolingana ifikapo hapo, kila kitu kinarudishwa kilivyokuwa. Saa hiyo huandikwa mchana, vichwa vikiwa vimetulia, na meneja hutia sahihi chini yake. Usiku hakuna ruhusa ya kuisogeza, hata kwa aliyeiandika.