Kinyago na Mchongaji Wake

Hadithi ya Frankenstein, iliyotungwa na Mary Shelley na kupigwa chapa London mwaka 1818, yasimulia habari za Victor, mwanachuo aliyeunda mtu kwa viungo vya maiti, akampa uhai, kisha akamkimbia usiku ule ule kwa kuchukizwa na sura yake. Wahakiki wengi wameuliza kama kiumbe huyo, aliyekuja kuwa muuaji, astahili kuonewa huruma. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kulikwepa swali hili hata kwa sentensi moja, maana katika kila kitendo hana budi kuchagua: jitu hilo "lilisema", au kiumbe huyo "alisema"?

Kusini ya bonde la Lukuledi, juu ya uwanda wa Makonde, upo mkasa wa kale unaotufaa hapa. Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliutia katika kitabu chake cha mwaka 1908. Palikuwa na mmoja aliyekaa peke yake porini, haogi, hanyoi nywele, hajawa mtu kamili. Akachonga mti kwa sura ya binadamu, akausimamisha karibu na makao yake. Usiku kinyago kikageuka mwanamke hai. Wakateremka pamoja kuoga katika mto Ruvuma. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa maiti, na wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, aliyezaliwa juu uwandani, akaishi, na kwake yeye Wamakonde wakaenea.

Tuitazame sarufi ya mkasa huu. Jioni kinyago "kinasimama". Asubuhi mwanamke "anasimama". Mchongaji hakimbii badiliko hilo. Hulipokea, na kwa kulipokea yeye mwenyewe hupata utu. Victor ana elimu, jamaa na rafiki, lakini safari yake ni ya kurudi nyuma: alichokiumba kiwe mtu hukiita dubwana mara kinapofumbua macho. Methali husema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mara nyingi huelekezwa kwa kinyago, kisijione mbele ya aliyekichonga. Katika hadithi hii yamwelekea mchongaji: kama kazi ya mikono yako yakutisha, umekana mikono yako.

Hata hivyo, mkasa wa uwandani una upungufu wake: mwanamke yule hasemi neno. Shelley, kinyume chake, ameweka katikati ya kitabu milango kadhaa ambamo kiumbe anajieleza kwa "mimi". Alijifunza lugha kwa kusikiliza kwa siri nyumba ya De Lacey. Mzee wa nyumba hiyo, aliye kipofu, alimsikia akamkaribisha kama mtu. Felix, mwanawe mzee, alimwona akampiga. Sikio lilimpa "a-"; jicho likampa "li-".

Itasemwa kwamba kiumbe huyo alimnyonga William, mtoto mdogo, na kwamba Justine asiye na hatia alihukumiwa kufa kwa kosa hilo. Ni kweli, na mhakiki asilifiche. Lakini jitu halishtakiwi, kama vile jiwe lililoangukia mtu halishtakiwi. Anayeshtakiwa ni mwenye nafsi. Kwa hiyo kumpa "a-" si kumwachilia. Ndiko kumfikisha barazani pamoja na muumba wake, kila mmoja ajibu lake. Wanaodhani huruma hufuta hatia wamezichanganya hukumu mbili.

Basi mfasiri asisawazishe viambishi kwa ajili ya unadhifu tu. Amwache Victor aseme "li-", maana hilo ndilo kosa lake. Amwache kiumbe aseme "ni-". Msomaji, akiisha kuwasikia wote wawili, atachagua mwenyewe, na kwa uchaguzi huo atajua yu mtu wa namna gani.