Zege Linaloliwa na Kahawa: Matangi ya Nyeri Yanavyofunikwa Upya

Tangi la kuchachushia kahawa likikaa kazini miaka mingi, kuta zake huwa kama msasa. Ile ngozi laini iliyoachwa na mwiko wa fundi imekwisha, vichwa vya kokoto vimetokeza, na mchanga hudondoka ukisuguliwa kwa kidole gumba. Hali ni hiyo hiyo kwenye mifereji ya kuoshea na kwenye sakafu inayozunguka mashine ya kumenya. Katika Kaunti ya Nyeri hili si jambo la urembo. Vyama vya ushirika kama Tekangu, chenye viwanda vya Tegu, Karogoto na Ngunguru, au Gikanda, chenye Gichathaini, Kangocho na Ndaroini, vimejijengea jina katika soko la kahawa la dunia kwa usafi wa ladha. Punje chache zikijificha kwenye vishimo vya zege bovu, hubaki humo baada ya tangi kuoshwa, huchacha kupita kiasi, na kuharibu ladha ya mzigo unaofuata.

Baridi ndiyo hulaumiwa kwanza, kwa kuwa Mlima Kenya uko pale pale na kila mtu anauona. Lakini baridi huvunja zege lililokwisha komaa kwa njia moja kubwa: maji yaliyojaa kwenye vitundu vyake huganda, hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kupasua kuta za vitundu hivyo. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu mita 1,950. Hata Julai, manyunyu na ukungu vinapotanda siku nzima, usiku wa kawaida wa miji hii haufiki sifuri. Jalidi hushuka mara moja moja mabondeni na kuunguza majani chai, ila haina nguvu ya kugandisha zege hadi ndani.

Juu mlimani ni hadithi nyingine. Kambi ya Old Moses kwenye njia ya Sirimon iko mita 3,300, na ya Shipton iko karibu mita 4,200. Kwenye kimo hicho cha pili maji huganda usiku na kuyeyuka mchana, na mzunguko huo haungoji msimu kama ule wa Ulaya. Zege la huko linahitaji kinga iliyogunduliwa Marekani katika miaka ya 1930: viputo vidogo sana vya hewa, vinavyoingizwa kwa dawa wakati wa kuchanganya, ili maji yanayoganda yapate pa kutanukia. Kumuuzia mwenye kiwanda wa Karatina dawa hiyo kwa sababu tu anaishi chini ya mlima ni kumtibu ugonjwa asiougua.

Anachougua ni asidi. Kahawa mbivu ikishamenywa ganda, punje hubaki na ute unaoteleza, na ndio huo unaoachwa kuchacha usiku kucha. Kadiri unavyochacha ndivyo kipimo chake cha pH kinavyoshuka, hadi kukaribia 4. Saruji iliyoshika, kwa upande wake, ni kitu cha chokaa ambacho maji yake ya ndani yana pH ya zaidi ya 12. Vikikutana, asidi huyeyusha chokaa kwanza, kisha hugeukia gundi yenyewe inayoshikanisha mchanga na kokoto. Mawe ya volkeno ya eneo hili huvumilia, ndiyo maana kokoto hutokeza huku saruji iliyoizunguka ikiondoka. Baridi ina mchango wake hapa, tena usiosemwa: usiku wa baridi huchelewesha uchachushaji, na kila saa inayoongezeka ni saa nyingine ya ute kukaa juu ya zege.

Kazi ya kufunika upya inashinda au kushindwa kabla mfuko wa saruji haujafunguliwa. Fundi mzuri huanza kwa kugonga. Hupitisha nyundo ndogo juu ya sakafu yote na kusikiliza: penye mlio mkavu pako imara, penye mlio wa debe tupu tabaka limeachana. Penye uwazi huzungushiwa chaki na kuchimbwa kwa patasi hadi zege gumu, hata kama kwa macho panaonekana pazima. Kingo za shimo hukatwa wima, kwa sababu kiraka kinachomalizikia kwa ukingo mwembamba huanza kubanduka hapo hapo.

Kisha huja kuosha, na hapa viwanda vya kahawa vina siri yao. Ute una sukari, na sukari ni adui wa saruji mbichi: kiasi kidogo tu, hata chini ya sehemu moja kwa mia ya uzito wa saruji, hutosha kuchelewesha kushika kwake kwa saa nyingi. Zege lililonyweshwa ute miaka nenda miaka rudi hubeba mabaki hayo kwenye vitundu vyake. Fundi aliyezoea kukarabati nyua za nyumba hupiga maji mara moja na kuendelea. Kesho yake anashangaa kwa nini kiraka kiko laini upande wa chini ilhali juu kimekauka. Zege kama hilo husuguliwa kwa brashi ya waya na maji mengi, mara kwa mara, na safu ya juu iliyolegea huondolewa yote. Gharama ya vibarua wa siku hizo haipaswi kupunguzwa hata kidogo.

Mchanganyiko wenyewe hauna miujiza. Mifuko ya saruji nchini Kenya huchapishwa namba 32.5 au 42.5, yaani nguvu inayotarajiwa kwa megapaskali baada ya siku 28 za majaribio ya maabara. Saruji nyingi ya 32.5 imechanganywa na pozolana, unga wa mawe ya volkeno, ambayo ni nzuri kwa uimara wa muda mrefu lakini hushika polepole, na kwenye baridi hujikokota zaidi. Kwa tabaka jembamba linalopaswa kurudi kazini mapema, 42.5 inastahili bei yake.

Maji ndiyo hupotosha hesabu. Tuseme mfuko mmoja wa kilo 50 unapewa kilo 150 za mchanga, na maji yanayofaa ni sehemu 0.45 ya uzito wa saruji, yaani lita 22.5. Katika msimu wa manyunyu, mchanga uliolala nje unaweza kubeba maji ya asilimia 5 ya uzito wake: lita 7.5 zimo tayari. Fundi anapaswa kuongeza lita 15 tu. Akimimina zote 22.5, amejenga udhaifu ambao hakuna mwiko utakaouficha. Turubai juu ya lundo la mchanga ni kifaa cha ufundi sawa na mwiko.

Zege la zamani hunyweshwa maji tangu siku iliyotangulia, kisha huachwa hadi uso wake uwe na unyevu bila madimbwi. Hapo hupakwa uji mzito wa saruji, mara nyingi uliotiwa lateksi, ukisuguliwa kwa brashi uingie kila kitundu. Tabaka jipya lazima lifuate uji huo ukiwa bado mbichi. Ukikauka kabla ya kufunikwa, badala ya kuunganisha hutenganisha. Lateksi pia huingia kwenye mchanganyiko wenyewe pale unene unapokuwa milimita 10 au 15. Bila hiyo, tabaka la saruji na mchanga linahitaji unene zaidi, na nafasi za upanuzi za sakafu ya chini lazima zikatwe hadi juu, la sivyo zitajikata zenyewe.

Sasa ndipo baridi inapofanya uharibifu wake halisi, nao hupitia mkononi mwa fundi. Kwenye nyuzi 12 au 13 za asubuhi ya Julai, tabaka hukawia kushika. Maji hupanda juu na kukaa. Jioni inakaribia, fundi anataka kulainisha aondoke, kwa hiyo hunyunyizia saruji kavu juu ya maji yale, na mwiko unateleza vizuri kabisa. Sakafu hung'aa. Alichotengeneza ni ngozi ya milimita mbili iliyofungia maji chini yake, na msimu mmoja wa ute na viatu vya mpira hutosha kuibandua. Dawa ni kuanza kazi mapema, kuchanganya kwa maji ya vuguvugu, na kusubiri maji ya juu yakauke au kuyafyonza kwa gunia.

Kuhusu kusubiri kukomaa, kuna hesabu rahisi iliyotokana na kazi ya A. G. A. Saul, Uingereza, mwaka 1951: joto la wastani hujumlishwa na 10, kisha huzidishwa kwa idadi ya siku. Siku 7 kwa nyuzi 20 ni 210. Kwa wastani wa nyuzi 15, unaokaribiana na Julai ya Nyeri, alama hizo 210 hupatikana kwa siku 8 na nusu hivi, na zile siku 28 huwa karibu 34. Si balaa. Ni kama wiki moja tu ya ziada, nayo ndiyo hukosekana katika mipango mingi.

Na katika muda huo, unyevu lazima ulindwe. Miji ya Othaya na Karatina hudanganya kwa ukungu wake, kana kwamba tabaka haliwezi kukauka. Nanyuki haidanganyi: iko upande mkavu wa mlima, jua la ikweta hupiga mchana na upepo hufyonza maji ya tabaka jembamba kabla halijapata nguvu. Kote kuwili gunia lililoloweshwa na karatasi ya nailoni juu yake hufaa, siku 7 kwa uchache, na tabaka bichi hufunikwa pia usiku.

Mavuno makubwa ya Nyeri huanza Oktoba hivi na kumalizika Desemba. Mavuno madogo huangukia kati ya Aprili na Julai. Januari na Februari, zenye jua na baridi kidogo, ndiyo nafasi bora ya ukarabati. Kiwanda kinachongoja hadi Agosti bado kinaweza, mradi kikumbuke zile siku 34 kabla ya kuruhusu asidi iguse saruji mpya. Kwa matangi, hata tabaka bora kabisa la saruji litaliwa tena, hivyo vigae vyenye viungo vya epoksi, au rangi ya epoksi inayofaa kwa chakula, vinapaswa kuingia katika bajeti tangu mwanzo. Kabla ya vigae kubandikwa, tangi hujazwa maji safi na kuachwa saa 24. Kimo cha maji huwekewa alama ukutani, na kila doa la unyevu linalojitokeza upande wa nje huzungushiwa chaki na kuchimbwa upya.