Mtundu si mtukutu tu: Neno tunalolitafuta tunalo

WAFASIRI chipukizi hutaabika wanapokutana na maneno mawili ya Kiingereza, 'nerd' na 'geek'. Mmoja huandika 'msomi', mwingine 'mraibu wa kompyuta', na wa tatu, akishachoka, huyaacha vivyo hivyo na kuyafunga kwa alama za usemi. Kisha tunaambiwa eti Kiswahili hakina neno. Dai langu katika makala haya ni kwamba neno tunalo, tena lenye upana kuliko hayo tunayoyasaka. Neno lenyewe ni mtundu. Tatizo ni kwamba shule na nyumba zetu zimelikata vipande viwili, zikahifadhi kipande cha lawama na kukitupa cha sifa.

Tuanze na ya wenyewe. 'Geek' lilikuwa tusi kwelikweli. Katika maonyesho ya sarakasi ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, lilimtaja mtu aliyelipwa kumng'ata kuku hai kichwa mbele ya watazamaji. 'Nerd' nalo linapatikana mwaka wa 1950 katika kitabu cha watoto cha Dr. Seuss, likiwa jina la kiumbe wa kubuni. Mwaka uliofuata, jarida la Newsweek liliripoti kwamba vijana wa Detroit walimwita hivyo mtu aliyepitwa na wakati. Hata mwaka wa 1984 Hollywood ilikuwa bado inawachekesha watu kwa filamu ya Revenge of the Nerds. Kisha wale waliochekwa wakatajirika kwa kompyuta, na tusi likageuka sifa. Leo kijana wa Nairobi hujiita hivyo kwa fahari. Tuseme ukweli: kilichoyasafisha maneno yale si heshima kwa maarifa. Ni pesa.

Hebu sasa tuyapime yetu. Msomi ni mwenye elimu, awe anaipenda au aliipata kwa kusukumwa. Gwiji ameshafika, neno halituonyeshi alivyoanza. Mkereketwa ana moto moyoni, lakini mazoea yameshamkabidhi kwa vyama vya siasa. Mdadisi anakaribia, ila yeye aghalabu huuliza kwa mdomo.

Vijana nao wana yao. Katika shule za Kenya kuna chopi, yaani anayeongoza darasa. Tanzania wana kipanga, na kazi ya kipanga ni kubukua. Haya ni maneno mazuri na sina ugomvi nayo, lakini yanapima kitu kimoja tu, alama. Kwa karibu miongo minne, kuanzia 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulikuwa kiwanda cha machopi. Chopi ni chopi kwa sababu karatasi imesema. Swali analijua, na jibu lake liko mahali, limefungiwa kwenye bahasha ya msahihishaji. Mpe swali ambalo hakuna aliye na jibu lake, na utashangaa jinsi wengine wao wanavyotazamana.

Mtundu je? Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni mtoto asiyetulia, mtukutu, anayegusa asichoruhusiwa kukigusa. Ya pili ni mtu mwenye ubunifu na ustadi, hasa wa mikono. Mama husema, "Mtoto huyu ni mtundu!" huku amekunja uso. Fundi naye husema, "Kijana huyu ana utundu," huku akimpa kazi ngumu zaidi. Wapo watakaodai kwamba hizi ni maana mbili zilizokutana kwa bahati katika neno moja. Sikubaliani nao. Naziona kuwa tabia moja iliyotazamwa kwa nyakati mbili: kabla ya kifaa kuharibika, na baada ya kifaa kipya kupatikana.

Mfano bora niujuao wa tabia hiyo unatoka Kitengela, kaunti ya Kajiado. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, ina ua upande wa jiji, lakini upande wa kusini imeachwa wazi ili wanyama wapite kuelekea nyanda za Kitengela. Pundamilia akitoka, simba naye hufuata. Na simba akimkosa pundamilia, ng'ombe yumo zizini. Uhasama huo si wa hadithini. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa na wanakijiji huko Kitengela baada ya kuvamia mifugo.

Hapo ndipo alipokulia Richard Turere. Kama ilivyo desturi kwa wavulana wengi wa Kimaasai, alikabidhiwa mifugo ya babake akiwa mdogo. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, alibuni taa za kumetameta zinazowazuia simba kukaribia zizi. Februari 2013 akasimama California, kwenye jukwaa la TED, akaeleza alivyofanya. Hotuba ile fupi nataka tuihakiki kama tunavyohakiki matini yoyote.

Kwanza, muundo. Huu ni muundo wa ngano: majaribio matatu. Jaribio la kwanza lilikuwa moto, kwa kuwa alidhani simba huuogopa. Kumbe mwanga wake uliwasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi! La pili lilikuwa sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi. Siku ya pili wakagundua kwamba kitu hicho hakisogei, wakaingia wakaua. La tatu lilikuja usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi. Usiku huo simba hawakuja.

Katika ngano zetu nyingi, jaribio la tatu hufaulu kwa uganga, kwa msaada wa bibi kizee wa njiani, au kwa hila. Hapa linafaulu kwa sababu mawili ya kwanza yalisomwa vizuri. Moto ulimfunza kwamba mwanga peke yake hautoshi. Sanamu ikamfunza kwamba simba hutofautisha kinachosogea na kisichosogea. Jumlisha mafunzo hayo mawili, utapata mwanga unaosogea. Ndiyo maana nasikitika tunapoisimulia habari hii madarasani na kurukia taa moja kwa moja, tukimwita kijana yule mwenye kipaji. Neno kipaji hufuta moto na kuiondoa sanamu. Humfanya mtoto anayesikiliza adhani kwamba wenzake hupewa majibu usingizini.

Pili, redio. Turere alijifunza mambo ya umeme kwa kuifungua redio ya mamake, na anasimulia kwa mzaha jinsi siku hiyo mama alivyowaka kwa hasira. Hadhira ilicheka. Mimi naona hapa ndipo palipo kiini cha hotuba nzima, kwa sababu maana mbili za neno mtundu zinakutana katika tendo moja. Mwenye redio anamwona mtukutu. Mwenye ng'ombe, baadaye, anamwona mbunifu. Mtoto ni yuleyule, bisibisi ni ileile.

Tatu, msamiati. Mtambo wake ulikuwa na betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, swichi, balbu za tochi mbovu, na kile kisanduku cha pikipiki kinachofanya indiketa imetemete dereva anapotaka kukata kona. Kisanduku hicho yeye alikiita transfoma. Fundi wa umeme atakereka, kwani transfoma hubadilisha volteji. Haifanyi taa iwake na kuzima. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na naona mtoto aliyekosa jina la kitu alichokielewa, akachukua la jirani na kulipanua maana. Hivyo ndivyo istilahi zetu nyingi zilivyozaliwa. Mtundu hachezei vyuma tu. Huchezea na maneno, kwa sababu anahitaji kuvitaja vitu ambavyo wenzake hawajavishika.

Hapa msomaji makini atanikatiza: Profesa, huyu si mjanja tu? Taa zile si zinamdanganya simba adhani kuna mtu anatembea, ilhali mwenyewe amelala? Hoja hiyo ina uzito, maana fasihi yetu imemlea mjanja kwa muda mrefu. Sungura ni mjanja, Abunuwasi ni mjanja, na mitaani leo 'mjanja' ni sifa ambayo kinyume chake ni mshamba. Hata hivyo, tofauti ipo. Mjanja husoma udhaifu wa wenzake ili ale yeye. Hila yake ikijulikana, imekufa. Mtundu husoma kitu kilivyo, na siri yake ikijulikana, ndipo inapofaa zaidi. Turere hakufungia taa zile kwenye boma la babake. Jirani mkongwe aliyepoteza mifugo alimwomba amwekee, naye akamwekea. Kufikia wakati wa hotuba ile, maboma saba ya eneo lake yalikuwa nazo, na wazo lilikuwa limeshasafiri hadi sehemu nyingine za Kenya. Sungura hajawahi kufungua darasa.

Zingatia pia tarehe. Januari 2013, mwezi mmoja kabla ya hotuba ile, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza, kwenye nyanda zisizo mbali na mpaka wa Kajiado. Sina neno na Konza. Lakini taifa lililokuwa likitenga maelfu ya ekari ili wabunifu wapatikane, lilikuwa na mbunifu nyuma ya zizi, naye alikuwa akifokewa kwa sababu ya redio. Kwa bahati nzuri watu walimwona, akapata ufadhili wa kusoma Brookhouse. Sasa jiulize: Isinya je? Mashuuru je? Loitokitok je? Ni wangapi wanaofungua redio na hakuna jukwaa linalowasubiri?

Msinielewe vibaya. Utundu una gharama, na gharama hiyo mara nyingi hulipwa na asiyeulizwa. Redio ile ilikuwa ya mtu. Mama ana haki ya kuwaka. Wala si kila mtoto anayevunja kitu ni mbunifu. Wengine huvunja tu. Namna ya kuwatambua ni rahisi: mtukutu akishavunja hukimbia, mtundu akishafungua hubaki pale pale akitazama. Mzazi akimkuta mtoto ameinamia vipande vya simu, na aulize swali moja kabla ya kufoka: "Umeona nini humo?" Akijibu, mtafutie simu mbovu. Mafundi wa simu wamejaa Kitengela kando ya barabara ya Namanga, na mbovu hawakosi.

Kwa walimu nina ombi zito zaidi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka ubunifu na utatuzi wa matatizo. Vyema. Ila bado tunaandika kwenye ripoti, "Ni mtundu, ajirekebishe," na mzazi anayesoma hana shaka tunamaanisha nini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imeharamisha viboko shuleni, lakini neno nalo huchapa, tena alama yake haionekani. Ukimaanisha mtukutu, andika mtukutu. Ukimaanisha mkorofi, andika mkorofi. Mtundu muachie anayestahili, na ukimwandika, ongeza alichokitengeneza.

Nanyi wafasiri, mkikutana tena na yale maneno mawili, msikimbilie alama za usemi. Tazameni muktadha. Palipo na kejeli kwa anayejifungia na vitabu, chopi au kipanga watawafaa, kwa kadiri ya hadhira. Palipo na mtu asiyeweza kukiacha kitu mpaka akielewe, hata akigombezwa, andikeni mtundu bila kusita. Waingereza na Wamarekani walihitaji mabilionea ndipo tusi lao ligeuke sifa. Sisi sifa ilikuwamo ndani ya neno tangu zamani, pamoja na karipio lake. Kazi iliyobaki ni kuzisema zote mbili kwa sauti moja, mtoto akiwa anasikia.