Viini Vinane vya Thika na Vinne vya Ruiru

Wimbo mmoja wa gitaa, wa mtindo wa mugithi, ulisafiri mara tano kati ya Thika na Ruiru ndani ya flashi iliyokuwa mfukoni mwangu, na katika safari zile, ambazo matatu huzimaliza upesi pindi barabara kuu inapokuwa nyeupe, nilifunuliwa jambo ambalo miaka mingi ya kusoma matangazo ya wauzaji haikunifunulia: mahali ambapo nguvu ya prosesa hupotelea wakati mtu anapopiga ala huku akijisikiliza.

Sahibu yangu wa Thika alikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba, kubwa mfano wa sanduku la nguo, ambayo ndani yake mlikuwa na prosesa ya Xeon E5-2670 ya mwaka 2012, yenye viini 8 na mwendo wa gigahatsi 2.6. Yangu mimi, pale Ruiru, ilikuwa ndogo na dhalili ya sura, na prosesa yake ni Core i5-6500 ya mwaka 2015, yenye viini 4 na mwendo wa gigahatsi 3.2. Muuzaji aliyemuuzia sahibu yangu alimhakikishia kwamba nane ni maradufu ya nne, na kwa maembe hesabu hiyo ni sahihi.

Tulifanya majaribio kwa insafu: programu ile ile ya kurekodia, REAPER, kadi ya sauti ile ile, na gitaa lile lile la umeme, ambalo sauti yake ilipitishwa kwanza katika amplifaya ya bandia, kisha katika kompresa, kisha katika mwangwi. Yafaa ieleweke kwamba kompyuta haipokei sauti kwa mfululizo kama maporomoko ya Chania. Huikata sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha huzipokea sampuli hizo kwa mafungu, na fungu la sampuli 128, ambalo mafundi huliita bafa, hudumu milisekunde 2.9 tu. Katika muda huo prosesa yapaswa iwe imelimaliza fungu zima na kulirudisha, la sivyo husikika mkatiko, kijimlio kama cha kuni mbichi motoni.

Mashine ya Thika ilitatarika. La ajabu ni kwamba mita ya programu ilionyesha matumizi madogo mno ya prosesa, hata tukaishuku kadi ya sauti, tukabadilisha waya, tukazima Wi-Fi na kuiondolea Windows tabia yake ya kubana matumizi ya umeme, mambo ambayo yalipunguza mikatiko bila kuikomesha. Hatimaye tulifungua dirisha linaloonyesha kila kiini peke yake, na hapo siri ikawa dhahiri: kimoja kilikuwa kimefika kileleni, na saba vimekaa kama wageni wanaongoja chakula. Maana kompresa haiwezi kuanza kabla ya amplifaya kumaliza, wala mwangwi hauwezi kuitangulia kompresa. Kwa hiyo mkondo mzima wa gitaa hubebwa na kiini kimoja, na ndugu zake hawana la kumsaidia.

Huko Ruiru, kwa bafa ile ile ya 128, gitaa lilipita kimya kimya. Wala tofauti haikuwa ya gigahatsi peke yake, kwani prosesa zote mbili hujiongezea mwendo kazi ikizidi, ya Thika hadi 3.3 na ya Ruiru hadi 3.6; kubwa zaidi ni kwamba prosesa ya usanifu wa baadaye hutenda kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa yake.

Bila shaka tungaliweza kuiongeza bafa hadi sampuli 512, na tulifanya hivyo. Lakini sampuli 512 ni milisekunde 11.6 za kuingia na kiasi hicho hicho cha kutoka, jumla zaidi ya 23, muda ambao sauti hewani husafiri takriban mita 8, na mpigaji hujisikia kana kwamba gitaa lake liko upande wa pili wa ua. Sahibu yangu aliivua hedifoni baada ya ubeti mmoja. "Kidole kimefika," alisema, "gitaa bado liko njiani." Nilicheka, maana mugithi kwa Kikuyu ndilo gari moshi lenyewe. Wako watakaosema kwamba ajisikilize moja kwa moja kutoka katika kadi ya sauti, na kwa mwimbaji hilo ni shauri jema. Lakini mpiga gitaa la umeme akinyimwa amplifaya yake hupiga kwa namna nyingine kabisa.

Kadhalika liko suala la joto. Xeon ile imekadiriwa wati 115, na i5 yangu wati 65. Feni ya Thika iliingia katika maikrofoni, na stima ilipopotea, betri ya akiba iliichoka mashine ile mapema.

Hata hivyo haki itendeke. Tulipofika kwenye kuchanganya sauti, mikondo zaidi ya 30, kila mmoja ukijitegemea, na bafa ikiwa 1024 kwa kuwa hakuna tena anayejisikiliza, mashine ya Thika iligawa kazi kwa viini vyake vyote bila kutweta, na yangu ndiyo iliyokwama.

Basi sahibu yangu hakuiuza. Kwa kurekodia alitafuta i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6, mwendo unaopanda hadi gigahatsi 4.1 na makadirio ya wati 65, tena iliyokubaliwa na Windows 11, jambo la maana tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ile kubwa aliihamishia chumba cha pili. Gitaa tulilirekodi upya usiku, kwa bafa ya 128, na sauti ya uimbaji ikangoja hadi mvua ilipoacha kupiga mabati.